Kilo zilezile, vifua viwili: unene unavyobana pumzi ya mwenye pumu na ya asiye na pumu

Mwalimu_wa_Njoro

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa biolojia na fizikia katika shule ya upili hapa kaunti ya Nakuru, na uzi huu nauanzisha kwa sababu ya karatasi mbili zilizowekwa mezani kwetu siku ya Pasaka: ya vipimo vyangu vya pumzi, na ya dada yangu anayeishi Kisumu. Mimi nina urefu wa mita 1.70 na uzani wa kilo 98; dada ana mita 1.60 na kilo 87. Ukichukua kilo ukazigawanya kwa kipeo cha pili cha urefu, sote wawili tunapata BMI ya 34, na kuanzia 30 kwenda juu ndiko kunakoitwa unene wa kupindukia. Sote huhema tukipanda ngazi, sote tulikuwa na inhela ya buluu mfukoni, na jamaa walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba pumu ni ya ukoo wetu. Karatasi zile zilisema vingine.

Niliandikiwa inhela miaka mitatu iliyopita, katika kliniki ambayo sitaitaja, baada ya kusema maneno mawili tu: nakosa pumzi. Hakuna aliyenipa kifaa nipulize. Simlaumu sana aliyenihudumia, kwa maana foleni ilikuwa imefika nje ya lango, na mashine ya spairometa haipatikani katika kila zahanati. Ila kwa miaka mitatu nilivuta dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao huku nikishangaa kwa nini hainisaidii. Nimekuja kugundua kwamba tuko wengi. Utafiti uliochapishwa nchini Kanada mwaka 2008 uliwapima upya watu wazima 496 ambao madaktari walikuwa wamekwisha kuwaambia kwamba wana pumu, na karibu thuluthi yao hawakupatikana nayo: asilimia 31.8 miongoni mwa wanene, na asilimia 28.7 miongoni mwa wasio wanene. Tazameni jinsi takwimu hizo zinavyokaribiana. Kosa la kutibu bila kupima haliwachagui wanene.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Mimi nilipovuta hewa hadi mwisho na kuipuliza yote, zilitoka lita 3.10, na kati ya hizo lita 2.60 zilitoka katika sekunde ya kwanza. Yaani asilimia 84. Nilipovutishwa salbutamoli, ile dawa ya inhela ya buluu inayofungua vijia vya hewa, na kupimwa tena, ile ya sekunde ya kwanza ilifika 2.64, tofauti isiyo na maana yoyote. Dada yeye alipuliza lita 2.50, lakini katika sekunde ya kwanza zilitoka 1.60 tu, yaani asilimia 64, na baada ya dawa zikapanda hadi 1.90. Ongezeko la mililita 300, karibu asilimia 19, si dogo. Madaktari wengi huanza kuitaja pumu ongezeko linapopita mililita 200 na asilimia 12.

Darasani hulieleza jambo hili kwa mvukuto wa mhunzi. Pumu ni ugonjwa wa mdomo wa mvukuto: vijia vya hewa huvimba kwa ndani, misuli inayovizunguka hukaza, makohozi huongezeka, na hewa iliyojaa kifuani hukosa njia ya kutokea upesi. Unene ni gunia lililotupwa juu ya mvukuto: mdomo uko wazi, lakini ngozi haitanuki hadi mwisho. Mafuta ya tumboni hukisukuma kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kwenda juu, yale ya kifuani huzifanya mbavu kuwa nzito kunyanyuliwa, na misuli ya kupumulia hutumia oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Pumzi yote ikipungua kidogo na ile ya sekunde ya kwanza ikapungua nayo kwa kiasi hichohicho, uwiano wao haubadiliki, na ndiyo maana asilimia yangu 84 inaonekana safi kabisa. Asiyetazama zaidi ya uwiano atasema sina tatizo lolote. Anayesikiliza neno kuhema pekee atasema nina pumu. Nimekutana na wote wawili.

Lakini lililonikosesha usingizi ni jingine, nalo ni lile ambalo tarakimu hizo mbili za karatasi haziligusi. Ukitoa pumzi ya kawaida bila kujikaza, kifua hakibaki kitupu; kuna hewa inayobaki ndani na kuyaweka mapafu wazi, na sehemu ya hewa hiyo unaweza kuitoa ukijikamua. Sehemu hiyo tuiite akiba. Mwaka 2006 watafiti wengine wa Kanada walichapisha vipimo vya watu 373 ambao vijia vyao vya hewa vilikuwa salama, wakakuta kwamba mtu mwenye BMI ya 30 hubakiwa na asilimia 75 tu ya hewa anayobakiwa nayo mtu mwembamba wa BMI 20, na akiba yake ni asilimia 47, chini ya nusu. Tena sehemu kubwa ya upungufu huo haikungoja unene uliokithiri. Ilitokea katika kilo za kwanza za kuzidi, zile tunazoziita afya njema na kupongezana kwazo arusini.

Akiba ikishapotea, mtu hupumua akiwa karibu na sakafu ya mapafu yake. Vijia vidogo vya sehemu ya chini hujifunga kabla pumzi haijaisha, na damu, ambayo kwa sababu ya uzito wake huelekea zaidi huko chini, hufika mahali ambapo hewa haiingii. Ukilala chali, tumbo hukipanda kifua na mambo huzidi. Mimi nimelalia mito miwili tangu mwaka juzi nikidhani ni shingo.

Sasa mchukueni mtu wa namna hiyo mumwongezee pumu, kama dada ambaye amekuwa nayo tangu akiwa na umri wa miaka minane. Katika kifua cha kawaida, mapafu yaliyojaa huvivuta vijia vya hewa kutoka pande zote na kuviacha wazi, na kila pumzi ndefu, hata ile ya kupiga miayo, huinyoosha misuli yao. Mapafu yanapokuwa nusu tupu mvuto huo hulegea, misuli hukaa ikiwa mifupi na migumu, na vumbi kidogo au baridi ya alfajiri hutosha kuifunga njia. Hapo gunia na mdomo mwembamba hukutana. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliochunguza mapafu ya watu 52 waliofariki waliyaona mafuta ndani ya kuta za vijia vya hewa vyenyewe, na yalikuwa yakiongezeka kadiri BMI ilivyopanda. Kwa hiyo mafuta si mzigo wa nje pekee.

Naomba wenye ujuzi wanisahihishe panapostahili. Nina swali pia: je, unene huleta pumu kwa mtu ambaye hakuwa nayo, au huikuza tu ile iliyopo?

Tabibu_Nyanza

Mwalimu, umeeleza vizuri kuliko baadhi ya mihadhara niliyoketi nikaisikiliza. Nifanye marekebisho mawili kabla ya kujibu swali.

Kwanza, BMI ya dada na yako zinalingana, lakini hiyo haina maana kwamba mzigo unaolemea mapafu yenu unalingana. Mapafu hayajui BMI. Yanajua mafuta yako wapi. Mafuta ya tumboni na kifuani hubana pumzi kuliko ya nyonga na mapaja, na ndiyo maana mwanamume mwenye miguu myembamba na kitambi kilichochongoka anaweza kuwa na pumzi mbaya kuliko mama mpana anayemzidi kilo. Katika chumba changu cha matibabu hapa Kisumu utepe wa kupimia kiuno hunieleza mengi ambayo mizani hainielezi. Pili, usitupe inhela kwa sababu ya kipimo cha siku moja. Pumu huja na kuondoka, na mtu anaweza kupuliza vizuri Jumatatu akabanwa Alhamisi. Kwa upande wako, uwiano safi, dawa isiyobadilisha kitu na miaka mitatu bila nafuu vinaelekea upande mmoja, lakini uamuzi wa kuacha dawa aufanye anayekutibu, ikiwezekana baada ya kupima zaidi ya mara moja.

Kuhusu swali lako, majibu yote mawili ni kweli, kwa watu tofauti. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007, ulioziunganisha tafiti saba zenye watu wazima zaidi ya 333,000, ulionyesha kwamba mtu mwenye unene wa kupindukia ana uwezekano wa kuanza pumu unaokaribia maradufu ya ule wa mtu mwenye uzani wa kawaida. Wako wagonjwa wa aina ya dada: pumu ya utotoni, yenye mzio, ambayo unene umeikuta na kuivuruga. Na wako wengine, wengi wao wanawake waliovuka miaka 40, ambao hawakuwahi kubanwa kifua walipokuwa wasichana, hawana mzio wa kutajika, na pumu yao ilifuata kilo. Hawa wa pili mara nyingi hawapati nafuu kubwa kwa dawa za kuvuta zenye steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa kuwa uvimbe wa vijia vyao si wa aina ile ambayo steroidi huituliza vizuri. Tishu ya mafuta si ghala lililolala. Hutoa homoni kama leptini na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe mwilini.

Hapa kwetu jambo hili lina sura ya kike zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya wamezidi uzani unaofaa, wanaume wakiwa asilimia 17.5.

Lipo jambo lingine linaloniudhi, nami naomba nafasi ya kulisema. Wagonjwa wengi wa pumu huiogopa inhela ya kahawia, ile ya kinga, kwa sababu wamesikia kwamba steroidi hunenepesha. Wanaiacha, wanabaki na ya buluu inayofungua njia kwa saa chache bila kutibu uvimbe, wanabanwa, wanakimbizwa hospitalini usiku na kupewa vidonge vya prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi. Vidonge ndivyo vinavyonenepesha, vikirudiwa mara kwa mara, kwa kuwa dozi yake ni kubwa na huenea mwili mzima, ilhali inhela hupeleka kiasi kidogo mahali panapohitajika. Kwa hiyo mtu aliyekimbia unene kwa kuacha inhela hunenepa kwa sababu ya kuiacha. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, umekuwa ukishauri kwamba watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa inhela ya buluu peke yake. Mwalimu, muulize dada ni mara ngapi amemeza vidonge hivyo mwaka huu.

Mwalimu_wa_Njoro

Nimemuuliza kwa simu sasa hivi. Mara sita tangu Agosti. Na inhela ya kahawia anayo, imo kabatini, ikiwa karibu kujaa.

Mkulima_Molo

Nawaheshimu nyote, lakini mimi nadhani mnalitwika kitambi lawama nyingi mno. Huku Molo asubuhi ni baridi tupu, hewa ni nyepesi, na hata vijana wembamba wanaotoka Kisumu kuja kununua viazi huhema wakipakia magunia. Mbona hilo hamlitaji?

Tabibu_Nyanza

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na nakubali sehemu yake. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mjini takriban mita 1,850, na kwenu ni juu zaidi. Shinikizo la hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na oksijeni inayoingia kwa kila pumzi hupungua kwa kadiri hiyo. Kijana mwembamba huhema siku chache za mwanzo, kisha mwili wake huzoea. Tofauti ni kwamba mtu ambaye vijia vya chini ya mapafu yake vimejifunga hana pa kuongezea. Ule upungufu wa hewa ambao mwingine hauhisi, yeye humshusha oksijeni kabisa, hasa akilala. Baridi nayo hukaza vijia vya mwenye pumu, na hilo halihitaji unene. Kwa hiyo mwinuko haukiondolei kitambi lawama. Huifichua.

Na kwa kuwa nimetaja kulala: anayekoroma kwa nguvu, akakatika pumzi usiku kisha akashtuka, akaamka na kichwa kinachouma na kusinzia mchana ndani ya matatu, asiridhike na kipimo cha kupuliza pekee. Baadhi ya wanene hushindwa kutoa hewa chafu ya kutosha hata wakiwa macho, na hilo huonekana kwa kupima gesi za damu. Miguu ikivimba pamoja na kuhema, moyo uchunguzwe kwanza.

Kaka_wa_Lurambi

Mama yangu hapa Kakamega ana umri wa miaka 61, ni mnene, amepika kwa kuni tangu utotoni, na anahema. Je, alaumu kilo au moshi?

Tabibu_Nyanza

Ndugu, moshi wa kuni wa miaka 50 huharibu vijia vya hewa kwa namna inayofanana na ya sigara, na mara nyingi njia haifunguki vizuri hata baada ya salbutamoli. Akipuliza na uwiano ukawa mdogo, ukabaki mdogo baada ya dawa, usikubali kuambiwa ni unene tu, kwa sababu unene wa mtu mzima peke yake kwa kawaida hauushushi uwiano huo. Mpeleke apimwe, na jikoni kwake patobolewe njia ya moshi huku mkisubiri.

Mama_Junior_KSM

Daktari, mwanangu ana miaka kumi, ana pumu, na ni mzito kuliko wenzake wote darasani. Walimu wamemwondoa kwenye mpira. Haya ya uwiano safi yanamhusu naye?

Tabibu_Nyanza

Mama, umeuliza swali zuri, kwa maana kwa watoto hadithi hugeuka. Mtoto mnene mara nyingi huwa na mapafu makubwa ya kutosha, wakati mwingine makubwa kuliko ya wenzake, lakini vijia vya hewa havikupanuka kwa kasi ileile. Ni kama tangi kubwa lililofungiwa bomba la zamani. Pumzi yake yote inaweza kuwa nzuri, ile ya sekunde ya kwanza ikawa ya kawaida, na bado uwiano ukawa mdogo. Kwa hiyo kwake uwiano unaweza kushuka kwa sababu ya unene, jambo ambalo kwa baba yake lisingetarajiwa.

Usimnyime chakula, kwa kuwa bado anarefuka. Ondoa soda na juisi za pakiti, punguza mandazi na chipsi za njiani, mwache ale omena na mboga kama kawaida ya nyumbani. Na mrudishe mpirani. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kucheza, na kumketisha pembeni kunazidisha zile kilo zinazombana. Walimu waelezwe kwamba avute dawa yake kama alivyoelekezwa kabla ya mazoezi, na atumie spesa, ile chupa inayochomekwa kwenye inhela, ili dawa ifike kifuani badala ya kubaki kooni.

Mkulima_Molo

Nimekubali kuhusu mwinuko. Lakini mtu akipungua, pumzi hurudi kweli, au ni maneno ya kututia moyo?

Mwalimu_wa_Njoro

Mzee, hili nimelitafuta kwa sababu linanihusu. Nchini Finland, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wanene 38 wenye pumu waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapitishwa katika programu ya wiki 14 ambayo wiki nane kati yake zilikuwa za chakula kidogo sana chini ya uangalizi wa wataalamu. Walipungua wastani wa asilimia 14.5 ya uzani wao, na pumzi yao ya sekunde ya kwanza ikaboreka kwa takriban asilimia 7 kuliko ya kundi lisilopungua. Baada ya mwaka mzima tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Kwangu mimi asilimia 14.5 ni kilo 14. Nikiyasoma haya bila kujidanganya, naona kwamba asilimia 7 si muujiza. Mwenye pumu hubaki na pumu yake na dawa yake.

Tabibu_Nyanza

Umeisoma sawasawa. Niongeze kwamba huhitaji kufika 14.5 ili uanze kuona nafuu. Wenye pumu wanaopunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzani mara nyingi huripoti siku chache za kubanwa. Na kwako wewe usiye na pumu, kile kinachorudi mapema ni ile akiba uliyoieleza mwanzoni, kwa hiyo usivunjike moyo spairometa ikionyesha tarakimu zilezile huku wewe ukiona kwamba mlima umekuwa mfupi.

Kwa dada, hatua ya kwanza si mizani. Arejeshewe inhela ya kinga kwanza, aonyeshwe jinsi ya kuivuta, asukutue mdomo kila baada ya kuitumia, na uzani ushughulikiwe akiwa anaweza kutembea bila kubanwa. Kumwambia mtu anayekosa pumzi aende akakimbie ni kumfukuza.

Mwalimu_wa_Njoro

Asante, Daktari. Dada amekubali kurudi kliniki Jumatano, na tumepanga kupimwa tena sote wawili baada ya miezi mitatu kwa mashine ileile. Swali langu la mwisho: asubuhi ya kipimo avute dawa au asivute?

Tabibu_Nyanza

Ya buluu asiivute kwa angalau saa nne kabla ya kupuliza, isipokuwa amebanwa. Akibanwa aivute na kipimo kiahirishwe. Kama atakuwa ameandikiwa ile yenye formoteroli, dawa inayofungua njia kwa saa nyingi, aulize kliniki mapema, kwa sababu hiyo husubiri muda mrefu zaidi, hadi siku nzima. Ninyi wawili msile chakula kingi, msivae nguo za kubana tumbo, na mwandike uzani na kiuno cha siku hiyohiyo kwenye karatasi ya kipimo.

Mwalimu_wa_Njoro

Utepe nimeununua leo. Sentimita 112.